NAMNA ZA AJABU ZA KUVUKA MAJI KATIKA HADISI ZA MATAIFA

Hotuba ya katekista katika jioni ya wazee, sikukuu za jubile ya parokia



Baba Paroko alipotuomba kusema maneno machache katika jioni hii, alituachia uhuru wa kuchagua jambo la kusemea. Tumechagua hadisi. Labda wengine watashangaa kuona katekista anasimama mbele ya mapadri wageni, na badala ya kueleza sakramenti anasimulia habari za sungura na mamba. Lakini tuna sababu. Parokia yetu imekatwa katikati na mto. Jumuiya nyingine ziko upande huu, nyingine ziko ng'ambo, na kila Siku ya Bwana kuna watu wanaopanda mtumbwi kabla ya jua kutoka ili wafike kusali. Kwa mtu anayekaa hivi, maji si mapambo ya hadisi. Ni njia yake, na mara nyingine ni kaburi lake.

Tena kuna ulizo. Mama mmoja wa familia alituuliza mbele ya wakatekumeni: hizi hadisi za nkambo zetu, za kuvuka mto kwa fimbo, kwa ngoma, kwa mgongo wa mnyama, je, si ndizo zinazowazoeza watoto kuamini dawa ya maji? Dawa hiyo mnaijua. Inauzwa bandarini, kamba ndogo ya kufunga mkononi au kiunoni, na muuzaji anaapa kwamba anayeivaa hazami. Tumekwisha kuzika vijana waliokuwa nayo mkononi. Basi ulizo la mama yule halikuwa la mchezo, na hatukutaka kulijibu kwa haraka, kwa kukataza au kwa kucheka. Tulirudi kwenye hadisi zenyewe, zetu na za mataifa mengine, ili tuone zinasema nini kweli.

Tuanze nyumbani. Wanyanga wa Walikale, katika Kivu, wana hadisi ndefu ya Mwindo. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke aliiimba na kuisimulia kwa muda wa siku kumi na mbili, naye mtaalamu Mbelgiji Daniel Biebuyck pamoja na wasaidizi wake Wanyanga wakaiandika neno kwa neno. Mwaka 1969 Biebuyck na Kahombo Mateene, ambaye ni mwana wa Wanyanga mwenyewe, waliichapisha kitabuni. Siku kumi na mbili! Leo tukiongeza dakika kumi juu ya mahubiri, watu wanaanza kutazama mlango.

Shemwindo, chifu wa Tubondo, amewaamuru wake zake wasizae mtoto mwanamume. Anataka mabinti tu, ili apokee mali ya ndoa. Mke mpendwa anamzaa Mwindo, mtoto ambaye siku ileile ya kuzaliwa anatembea na kusema. Baba anamrushia mikuki, haimpati. Anamzika, mtoto anatoka kaburini. Ndipo anaitwa fundi, anachonga ngoma, mtoto anatiwa ndani, ngoma inafungwa kwa ngozi na kutupwa katika maji ya kina. Ngoma inazama, kisha inapanda tena juu, na watu wanaochota maji wanasikia sauti ya mtoto inaimba kutoka ndani. Anaaga kijiji. Anasema anakwenda kwa shangazi yake Iyangura, aliyeolewa na Mukiti, bwana wa maji. Basi ngoma inasafiri chini ya maji kuelekea kwenye chimbuko la mto. Njiani Musoka, dada yake Mukiti, anamzuia asipite. Mwindo anachimba mchanga chini ya mto na kutokea mbele yake. Mwishowe shangazi anaipasua ile ngozi kwa kisu, na mtoto anatoka aking'aa kama jua linalochomoza.

Tazameni vema ngoma ile. Ilichongwa ili iwe sanduku la maiti, nayo ikawa mtumbwi. Msomaji wa Biblia hatakosa kukumbuka kikapu cha Musa katika kitabu cha Kutoka, kilichopakwa lami na kuwekwa kati ya matete ya mto Nili. Sisi hatusemi kwamba Wanyanga waliiga Biblia, wala hatupendi desturi ya wale wanaoona Biblia iliyofichwa nyuma ya kila hadisi ya Kiafrika. Mama wa Musa anafuma kikapu ili mtoto apone; Shemwindo anachongesha ngoma ili mtoto afe. Hadisi hizi mbili zinaanza kwa nia zinazopingana kabisa. Lakini kote kuwili maji yanakataa kuwa mkono wa mwuaji, na kote kuwili kuna mwanamke kwenye ukingo anayefungua kilichofungwa. Shangazi wa Mwindo na binti Farao wangeelewana.

Sasa twende mbali, mpaka Korea. Katika mji wa Ji'an, ambao leo uko ndani ya mipaka ya China, limesimama jiwe kubwa la mwaka 414, lenye maandishi juu ya wafalme wa Koguryo. Jiwe hilo linasimulia jinsi mfalme wa kwanza, Chumong, alivyofika mbele ya mto mkubwa uliomzibia njia. Hakuwa na mtumbwi. Alisimama ukingoni na kusema yeye ni nani: baba yake ni wa mbinguni, mama yake ni binti wa mungu wa mto, basi matete yafungwe pamoja na makobe yaelee. Mara matete yakaungana, makobe yakapanda juu, akavuka. Kitabu cha historia kilichoandikwa katika nchi hiyo mwaka 1145 kinaongeza kwamba alikuwa anafukuzwa, kwamba samaki na makobe walimfanyia daraja, na kwamba alipofika ng'ambo walitawanyika, hata waliomfuata wakabaki wamesimama. Msikilizaji anafikiria mara moja Farao na magari yake. Chumong hakutoa kitu, hakufunga kamba mkononi. Alitaja ukoo wake tu. Mto ulikuwa mjomba wake, nanyi mnajua kwamba kwetu vilevile mtu hakatazwi kupita katika uwanja wa wajomba.

Kuna wanaovuka kwa ujanja. Katika Kojiki, kitabu cha kale cha Japani kilichomalizika mwaka 712, sungura anataka kutoka kisiwa cha Oki afike nchi kavu. Anawaambia wanyama wa baharini waitwao wani: tushindane, tuone ukoo wa nani ni mkubwa, jipangeni mstari mpaka ng'ambo, mimi nitaruka juu ya migongo yenu nikiwahesabu. Wataalamu wanabishana hata leo kama wani ni papa ama ni mamba, lakini kwa sungura meno yalikuwa yaleyale. Anaruka, anahesabu, anakaribia kufika; ndipo ulimi unamponza. Kabla ya kukanyaga mchanga anawacheka kwamba amewadanganya. Yule wa mwisho anamshika na kumchuna manyoya yote. Sehemu inayofuata ndiyo tunayoipenda zaidi. Wanapita wana wa mfalme, wanamshauri aoge maji ya chumvi na kujianika katika upepo. Anafanya hivyo, ngozi inapasuka, anazidi kulia. Nyuma yao anafika ndugu yao mdogo anayebebeshwa mizigo. Yeye anamwambia aoge maji baridi ya mto, kisha ajigaragaze katika unga wa maua ya matete. Sungura anapona. Ninyi mnaotunza wagonjwa katika zahanati mtakuwa mmeona jambo moja: ushauri mbaya ulitolewa na wakubwa, na aliyefanya kazi ya mganga ni mchukuzi wa mizigo.

Hadisi hiyohiyo iko Malesia na Indonesia, lakini huko mjanja ni Kancil, paa mdogo sana, mfupi kuliko mbuzi. Anawaambia mamba kwamba mfalme ametoa amri wahesabiwe ili wagawiwe chakula. Wengine wanasimulia kwamba mfalme huyo ni Sulemani mwenyewe. Naye anafika ng'ambo bila kuadhibiwa. Watoto wa hapa wakisikia hadisi hii wanapaza sauti: ni kabuluku! Hawakosei sana. Kabuluku wa hadisi za Waluba ni ndugu wa Kancil kwa tabia. Na kuna mnyama wa mapori yetu ya Kongo, mwenye madoa meupe, aliye wa jamaa ya Kancil kwa damu. Anakaa karibu na vijito, na akifukuzwa anajitupa majini na kuzama. Wawindaji waliopo hapa wanamjua.

Tumefika kwenye hadisi iliyo ngumu, nayo tunaomba mtusikilize kwa utulivu. Ni ya Wabaule wa Côte d'Ivoire. Katika karne ya 18 palikuwa na ugomvi wa urithi wa ufalme kati ya Waashanti, katika nchi inayoitwa leo Ghana. Malkia Abla Pokou akakimbia pamoja na watu wake kuelekea magharibi, wazee, wagonjwa, akina mama wenye watoto mgongoni, na maadui nyuma yao. Wakafika kwenye mto Comoé. Mto umejaa. Malkia anamwuliza mwaguzi: maji yanataka nini? Jibu ni kwamba yanataka kile walicho nacho cha thamani kuliko vyote. Watu wanatoa dhahabu na pembe za tembo, mwaguzi anakataa. Ni mtoto anayetakiwa. Malkia anamchukua mwana wake wa pekee, anamnyanyua juu, anamtupa. Ndipo viboko wanatokea na kujipanga mgongo kwa mgongo, na taifa lote linavuka juu yao. Wengine wanasimulia kwamba mti mkubwa uliinama ukawa daraja. Ng'ambo, malkia anasema neno moja, baouli, maana yake mtoto amekufa. Na kutoka neno hilo watu wake wakapata jina la Wabaule.

Bernard Dadié aliandika hadisi hii katika kitabu chake cha mwaka 1954, na katika shule nyingi za Afrika inayosema Kifaransa watoto waliisoma. Sisi tulipokuwa seminari ndogo tulifundishwa kumsifu malkia aliyependa taifa lake kuliko tumbo lake. Hatumdharau. Nani kati yetu amewahi kusimama mbele ya mto uliojaa, na taifa nyuma yake? Lakini inafaa kuuliza juu ya yule ambaye hakuulizwa neno, yaani mtoto. Mwaka 2005 Véronique Tadjo, mwandishi wa Côte d'Ivoire, alitoa kitabu juu ya Malkia Pokou, ambamo anasimulia habari hiyo mara nyingi, kila mara kwa njia nyingine, kana kwamba anaugonga mlango mpaka ufunguke. Tunaona amefanya vema. Katika nchi yetu, ambamo tangu miaka mingi watoto wamebebeshwa bunduki ili wakubwa wafike ng'ambo ya madaraka, hadisi ya Pokou haifai kusimuliwa kwa makofi tu. Isimuliwe, ndiyo, hata katika shule zetu. Lakini mwalimu akifika kwenye neno baouli, anyamaze kidogo.

Mapadri watatuuliza kama Wakristu wa Ulaya hawakuwa na hadisi za namna hii. Walikuwa nazo nyingi! Mtakatifu Raimundo wa Penyafort, aliyekufa mwaka 1275, alimkaripia mfalme wa Aragon kwa sababu ya mwanamke asiye wake. Mfalme akakataza meli zote za kisiwa cha Mallorca zisimpokee padri huyo. Raimundo akatandaza vazi lake juu ya bahari, akafunga pembe moja kwenye fimbo iwe tanga, akafika Barcelona. Mfalme, wanasema, alitubu. Mtakatifu Kristofori tunamjua sote, jitu lililovusha watu mtoni begani kwake, mpaka usiku mmoja mtoto mdogo akamlemea kuliko dunia yote. Tangu mwaka 1969 sikukuu yake haimo tena katika kalenda ya Eklezya yote, ingawa jina lake limebaki katika kitabu cha wafiadini. Lakini madereva wa malori hawakuiona barua hiyo.

Na Urusi kuna hadisi ambayo Tolstoy aliiandika mwaka 1886, kutoka masimulizi ya watu wa mto Volga. Askofu yuko safarini melini, anasikia habari za wazee watatu wanaokaa kisiwani peke yao. Anashuka awafundishe. Wazee hao hawajui sala ila moja waliyoitunga wenyewe, fupi kabisa, kwamba Mungu ni watatu nao ni watatu, awahurumie. Askofu anatumia mchana wote kuwafundisha Baba Yetu, neno kwa neno, na mmoja hana meno, na mwingine ndevu zinamziba kinywa. Jioni anarudi melini akiwa na moyo safi. Usiku anaona kitu cheupe kinakuja juu ya bahari: ni wale watatu, wanakimbia juu ya maji kama juu ya nchi kavu, wameshikana mikono. Wanaita: tumesahau sala, tufundishe tena! Askofu anainama mbele yao na kuwaambia kwamba sala yao inamfikia Mungu. Tumesimulia hii kwa wakatekista wenzetu katika mafungo, na hakuna aliyecheka. Sisi ndio tunaokaa mchana kutwa na wazee wasio na meno.

Basi ulizo la mama yule. Tukizitazama hadisi hizi zote tulizozitaja, hatuoni hata moja ambamo mtu ananunua kuvuka kwake kwa muuzaji bandarini. Mwindo hana kitu ila sauti yake na shangazi anayemngoja. Chumong ana ukoo wake. Sungura ana akili, na ulimi unaoiharibu. Raimundo ana neno la haki ambalo mfalme hakupenda kulisikia. Panapotokea mwaguzi anayetaja bei, ni kwa Pokou, na bei hiyo mmeisikia. Kwa hiyo tulimjibu mama kwamba muuzaji wa kamba hakujifunza kazi yake kwa nkambo zetu. Nkambo angemwuliza: mjomba wako majini ni nani?

Hata Maandiko Matakatifu, tukiyasoma taratibu, hayampi mtu ruhusa ya kudharau maji. Katika kitabu cha Kutoka Musa ananyosha mkono, lakini upepo mkali wa mashariki unavuma usiku kucha. Ni kazi ya usiku mzima. Katika kitabu cha Yosue, Yordani unasimama pale tu nyayo za makuhani wanaochukua sanduku zinapogusa maji: walitangulia kulowana. Na Petro, alipoanza kuzama, hakukamata hirizi. Alilia aokolewe, na mkono ukanyoshwa.

Kuna tena wavukaji wasio na ajabu yoyote, nasi tunawapenda. Katika hadisi ya Wajerumani iliyokusanywa na ndugu Grimm, ambao kitabu chao kilianza kutoka mwaka 1812, Hansel na Gretel wanaporudi nyumbani wanafika mbele ya maji makubwa pasipo daraja. Bata mweupe anakuja kuwavusha. Hansel anakaa mgongoni na kumwita dada yake akae pamoja naye. Gretel anakataa: tutamlemea bata, atuchukue mmoja mmoja. Ndivyo walivyofika. Na Waluba wanasimulia kwamba Kalala Ilunga, alipomkimbia mjomba wake Nkongolo, alivuka Lualaba na kumwagiza mvushaji asimpitishe mtu nyuma yake. Nkongolo, ambaye jina lake ni la upinde wa mvua, mfalme mwenye kutisha hivyo, alibaki ukingoni kwa sababu mwenye kafi alisema hapana.

Tarehe 3 Oktoba 2024 meli Merdi, iliyotoka Minova, ilizama katika ziwa Kivu, karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, na watu waliokuwa wakingoja ndugu zao ukingoni waliona kwa macho. Makumi ya watu walikufa. Barabara ilikuwa imefungwa kwa vita, ndiyo maana wengi walipita ziwani, nao walikuwa wengi kuliko meli ilivyoweza kuchukua. Siku ile tulimkumbuka Gretel. Msichana wa hadisi, asiyejua kusoma kipimo cha meli, alimtazama bata akajua. Tangu mwaka huo halmashauri ya parokia imewaomba wavushaji wa Siku ya Bwana wasipokee zaidi ya watu kumi katika mtumbwi mmoja, hata kama kengele ya pili imekwisha kulia, na Baba Paroko amekubali kuchelewesha Misa. Wengine wananung'unika kwa ajili ya jua. Wavumilie.

Ndugu wapenzi, tumesema ya mbali mengi na ya hapa machache, kwa sababu ya hapa si yetu kuyasema mbele ya wazee. Tumenunua daftari kubwa la kuandika hadisi za kuvuka mto huu wetu, na kurasa zake bado nyeupe. Kijana wa kwaya mwenye mwandiko mzuri yuko tayari mezani. Tunaomba wazee wa ng'ambo waanze wao, kwa maana wanapaswa kurudi kabla jua halijatua, tena wanarudi kumi kumi.